Matumba ya Saa Kumi

Ukiingia uani kwa mtu wa Ng'ambo, mjini Unguja, saa sita za mchana, wakati wa kaskazi, ukaambiwa kwamba hapo pana bustani, utaangaza macho huku na huku na mwisho utadhani unafanyiwa mzaha. Kuna kamba ya nguo, kuna pipa la maji, kuna kuku aliyejilaza kivulini. Ukutani yamepangwa makopo: kopo la rangi, debe la mafuta ya kupikia, ndoo iliyokatika mkono, beseni lenye ufa, na sufuria iliyotoboka ambayo fundi alikataa kuiziba. Ndani ya kila kimoja mna kichaka cha kijani kilichonywea kwa jua. Rangi ya kumfanya mgeni atoe simu apige picha haipo. Mwenye bustani hana haraka na wewe. Atakwambia urudi baada ya Alasiri, na kama una nafasi, urudi tena baada ya Isha.

Bustani hii hupimwa kwa pua. Wenyewe, na wengi wao ni wanawake, wakiusifu mmea hawakwambii una ua zuri. Wanakwambia unanukia mpaka kwa jirani. Mimea yenyewe ni ileile nyumba hadi nyumba: mwasumini, mrehani, mwaridi mfupi wenye harufu nzito, mhina, na penye ardhi ya kutosha mlangilangi au mkilua. Mingi ina maua meupe au ya kijani kilichopauka, ambayo mchana hayamshitui mtu. Asumini na langilangi hutoa harufu yake kamili jua likishazama. Kwa hiyo anayekuja mchana amekuja wakati duka limefungwa.

Nimezizoea bustani za Kikwajuni, Miembeni na Kisiwandui, na kila nikizidi kuziangalia ninazidi kuamini kwamba ustadi wake mkubwa ni wa saa. Udongo, maji na mbolea ni mambo ambayo hata mimi nikikaa chini nikafundishwa nitayashika. Lakini kujua kwamba tumba hili litafunguka leo Magharibi na lile lililo ubavuni mwake litafunguka kesho, hilo ni jambo la mtu aliyelelewa nalo.

Asumini ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Kaskazi ikishapamba, tangu Disemba mpaka masika yakaribie, mwasumini uliotunzwa hutoa matumba siku baada ya siku. Tumba changa ni dogo, gumu, na lina ukijani. Siku moja kabla ya kufunguka linakuwa limerefuka, lakini ukijani umebaki kwenye ncha. Siku yake ikifika, tangu adhuhuri linavimba, linakuwa jeupe toka ncha mpaka shingoni, na petali zake zilizojikunja zinaanza kulegea bila ya kuachana. Hapo ndipo linapochumwa, saa kumi, ikizidi sana saa kumi na nusu. Ukilichuma la kesho, halitafunguka sawasawa. Litanyauka likiwa limejifumba. Ukingoja lifunguke mtini umechelewa: petali zimeshakuwa laini, kidole kikigusa tu panaingia baka la kahawia, na sehemu ya harufu imeshakwenda na upepo.

Kuyaeleza haya ni mistari michache. Kuyatenda ni jambo jengine. Mama mmoja wa Kikwajuni ambaye hunivumilia uani kwake huchuma karibu bila ya kuangalia. Anazungumza na mtu aliye dirishani, anamkaripia mtoto anayechezea maji, na huku mkono wake unapita ndani ya kichaka, unaliacha hili, unalichukua lile. Nilimuuliza anajuaje.

"La leo ukiligusa linakuja," alinijibu. "La kesho linashikilia."

Nikajaribu. Tofauti ipo, kwenye kikonyo, lakini ni ndogo mno, na mimi nililazimika kuinama na kutumia macho pale ambapo yeye anatosheka na ncha za vidole. Kazi hii aliianza akiwa bado anasoma chuoni, akimshikia bibi yake uteo.

Uteo wenyewe una taratibu zake. Hutandikwa kipande cha jani la mgomba, na matumba hutawanywa safu moja tu, kwa sababu yakirundikwa yanapashana joto na kufunguka kabla ya wakati. Mikono huoshwa na kukaushwa kabisa. Mkono wenye mafuta ya kupikia, au mafuta ya nywele, huacha alama ambayo haionekani saa kumi lakini saa moja za usiku inaonekana kila kona. Mama huyu hushona kofia, zile kofia nyeupe za kutoboa vijitundu na kuvizungushia uzi, na uzi uliobaki kwenye kofia ndio anaotungia asumini. Sindano hupita shingoni mwa tumba, kamwe si tumboni. Moja linaelekea juu, jengine chini, zamu kwa zamu, ili yakifunguka yasisukumane. Koja likitungwa barabara, matumba yanalala yamebanana jioni, halafu yakichanua yanaupata mduara wake yenyewe na uzi hauonekani tena. Likitungwa ovyo, uzi unaonekana hapa na pale, na hapa na pale ua limekwama limegeukia ndani.

Kisiwa hiki kinaijua hesabu ya tumba kwa njia nyengine pia. Karafuu iliyowatajirisha mabwana wa karne ya 19 nayo ni tumba. Huchumwa inapoanza kupiga wekundu, kabla haijafunguka, na ikishachanua bei yake imeporomoka. Kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu na mama wa asumini aliye uani wanatafuta dalili moja, ila karafuu humwachia mtu siku kadhaa za kuamua. Asumini humwachia saa mbili.

Jambo linalonipendeza zaidi ni namna mmea huu unavyosafiri. Mwasumini tulionao ni nadra sana kuzaa mbegu. Hauji na ndege wala hauoti wenyewe kwenye ufa wa ukuta. Kila kichaka ni kijiti kilichokatwa kwenye kichaka chengine, na hicho nacho kilikatwa kwengine, kurudi nyuma mpaka kwa mtu aliyekileta kutoka upande wa Bara Hindi, ambako ndiko asili yake. Maana yake ni kwamba mwasumini wa Mwembetanga na wa Jang'ombe unaweza kuwa, kwa mwili wake hasa, mmea mmoja ulioishi kwenye makopo mia. Watu hawalisemi hivyo, lakini wanalijua: mama akikuonesha mmea wake, jambo la mwanzo analokutajia ni nyumba ulikotoka. "Huu wa kwa somo yangu, Rahaleo." Somo ameshafariki, nyumba imeshauzwa, mmea upo.

Kijiti hukatwa masika yakianza, kwenye tawi ambalo si changa wala halijawa gumu kama mti, chenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini hupuruliwa, mawili ya juu huachwa, na ya juu yenyewe hukatwa nusu ili yasinyonye maji mengi. Wengine hawakati kwanza. Hulilaza tawi likiwa bado mtini, wakalifukia kifundo kimoja kwenye kopo jengine na kuliwekea jiwe, wakalikata likishashika mizizi. Njia hii ni ya polepole na ya uhakika zaidi, na mimi nadhani ndiyo inayopendwa na wenye mwasumini mmoja tu, wasiotaka kuuhatarisha. Kopo hutobolewa chini kwa msumari uliopashwa moto, au likiwa la bati kwa nyundo, kisha huwekwa vigae au vifuu ili maji yapite. Udongo mwekundu wa shamba ukipatikana ni bahati. Usipopatikana, mchanga wa kiwanjani unachanganywa na samadi iliyokaa. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi. Yanasubiriwa na makopo kila siku. Maji ya kufulia yanaepukwa. Mahali ambapo kopo limewekwa karibu na pa kutawadhia, mmea hupata sehemu yake mara tano kwa siku bila ya mtu kuukumbuka, na aghalabu ndio unaostawi kuliko yote.

Kisha kuna kupogoa, ambako ndiko waoga wanakoshindwa. Asumini hutoka kwenye matawi mapya. Anayeuhurumia mmea wake akaacha kuukata atapata kichaka kirefu, kizuri, chenye majani mengi na maua ya kuhesabu. Wanaojua huukata mpaka ukatie huruma, kisha hupunguza maji kwa muda, na machipukizi yakianza huumwagilia kwa nguvu. Matumba hufuata. Nimeona mke na mume wakigombana kwa ajili ya mkasi huo, mume akilia na mmea uliokatwa, mke akiendelea na shughuli zake.

Kwa nini makopo, na si ardhi? Jibu la haraka ni kwamba ardhi yenyewe haipo. Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliouzunguka Mji Mkongwe kwa nyuma, penye daraja lililoacha jina la Darajani. Mkono huo ukafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo barabara ya Benjamin Mkapa inapita kandokando yake. Huku ndiko walikojenga watumwa walioachiwa huru, wavuvi, mafundi, wachukuzi, watu wa Ngazija na wa bara. Mtu alimiliki nyumba yake ya udongo na makuti, lakini kiwanja kilikuwa cha mwengine, na kodi ya kiwanja ilipozidi, wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa katika mwaka wa 1928. Sitaki kudai kwamba makopo yalizaliwa na mgomo. Ninachosema ni kwamba bustani inayobebeka inamfaa mtu ambaye hana hakika na ardhi aliyoikalia. Na mitaa yenyewe inakumbuka miti iliyokuwapo kabla ya nyumba kubanana: Mwembetanga, Mwembeladu, Miembeni, Michenzani. Miembe mingi imeondoka. Kwenye kopo ndiko ulikobaki uwezo wa mtu wa kawaida kuwa na mti wake.

Bustani ndogo namna hii ina wageni wengi kuliko unavyotegemea. Asubuhi huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, dume likimetameta kama mafuta yaliyomwagika majini. Shida zake ni ua la mgomba, ua la mshubiri, na chochote chenye asali ya kufikiwa kwa ulimi mrefu. Asumini haishughulikii. Akimaliza, hutua kwenye kamba ya nguo na kupiga kelele zisizolingana na mwili wake. Kiota chake hukining'iniza kwenye tawi jembamba, amekipachika vipande vya majani makavu na utando wa buibui mpaka kinaonekana kama takataka iliyokwama, na nadhani huo ndio ulinzi wake mkubwa, maana adui yake yuko juu ya bati anamtazama.

Adui huyo ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Taka hakuzimaliza. Mayai na makinda ya ndege wengine ameyapunguza vilivyo, na kutoka hapa akavuka mpaka pwani ya bara. Wenye bustani wanamchukia kwa sababu iliyo karibu zaidi: hung'oa miche kwa mchezo tu. Ndio maana mche mpya hufunikwa kwa tenga au kipande cha wavu wa samaki kwa wiki za mwanzo. Wavu huo huo humzuia na kuku, ambaye kusema kweli ndiye mnyama mharibifu kuliko wote katika bustani za Ng'ambo, na hakuna mtaalamu anayemwandikia.

Kwenye mdimu wa kopo hukaa kiwavi ninayemheshimu. Akiwa mdogo ana madoa ya kahawia na meupe, na amejikunja juu ya jani hivi kwamba unaapa ni kinyesi cha ndege. Akikua anageuka kijani. Mguse, na nyuma ya kichwa chake zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali ya kukirihisha. Huyo ndiye atakayekuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano anayepita juu ya kuta bila ya kutua. Mama wa Kikwajuni humwachia majani ya tawi moja. Akihamia la pili anamchukua na kumpeleka kwa jirani mwenye mlimau mkubwa, kwa makubaliano ambayo sina hakika kwamba jirani anayajua.

Mlangilangi, kwa wenye nafasi ya kuupanda, una walinzi wake: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Kazi yao ni ya kusimama ukaitazama. Wengine hushikana mlolongo na kuzivuta kingo mbili za majani mpaka zikutane, na mwengine huja na mtoto wao, buu, amembana mdomoni, akimgusisha huku na huku kwenye kingo hizo. Uzi unatoka kwa buu. M. J. Way, mtafiti wa wadudu aliyefanya kazi Unguja, alichapisha 1954 matokeo ya uchunguzi wake juu ya chungu hawa, kwa sababu wakulima wa nazi walikuwa na faida nao: wanamfukuza kunguni anayeziharibu nazi changa. Anayekwea kuchuma langilangi alfajiri hakumbuki faida hiyo. Hujipaka majivu miguuni, anapiga bismillahi, anachuma haraka, na bado anashuka akijipigapiga.

Wageni wenyewe hasa huja usiku. Asumini zilizoachwa mtini zikifunguka Magharibi, weupe wake ndio kitu pekee kinachoonekana uani, na harufu inaita kutoka mbali zaidi ya macho. Ukitulia, utasikia kabla ya kuona: mvumo mzito, mfupi, juu ya kichaka. Ni nondo mnene, mwenye mbawa za kasi, anayesimama hewani mbele ya ua bila ya kulikanyaga, ameunyosha mrija wake mrefu mpaka ndani. Anakaa mpigo mmoja au miwili, anahamia jengine. Watoto huambiwa wasimpige. Sababu wanayopewa ni ya adabu, lakini kuna nyengine: uani mle mle mna mpapai, na ua la mpapai jike nalo ni jeupe, na nalo hufanya kazi usiku. Dino Martins na mwenzake walichapisha 2009 utafiti wa mashamba ya mipapai ya Kenya ulioonesha kwamba nondo hawa ndio wanaobeba chavua kutoka mti dume kwenda mti jike. Kwa hiyo mwenye asumini na mpapai pamoja amewawekea wafanyakazi wake mgahawa. Wengine wamefika hapo kwa uzoefu tu. "Mpapai hupenda jirani anayenukia," niliambiwa Miembeni, na aliyeniambia hakuwa na haja ya utafiti wowote.

Sasa kikuba. Mtu anayedhani ni shada dogo tu la maua hajakishika mkononi. Kikuba ni kifurushi kidogo kinachopachikwa kifuani au kwenye nywele, na kukifunga ni kupanga harufu kwa tabaka, nzito chini na nyepesi juu. Chini hukaa mrehani, ambao jani lake likibonyezwa kidogo linazindukana. Kinafuata kipande cha mkadi, kilichochanwa kwenye lile ua refu lililopauka la mti wa pwani wenye majani ya miba. Wataalamu wa mimea wameupa mti huo jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa na bustani yake Mbweni. Halafu petali za waridi, mbili tatu. Halafu kilua. Juu kabisa matumba ya asumini, yangali yamefumba, yakisubiri saa yao kifuani mwa mtu.

Kilua ni bwana mkubwa asiyejionesha. Ua lake linaning'inia chini ya majani, la manjano isiyo na fahari, na mpita njia huliona kama jani lililougua. Harufu yake ni tamu na nzito, na haiishi na kunyauka kwa ua: kilua kikavu hutiwa kwenye sanduku la nguo, na baada ya miezi ukifungua sanduku bado kipo. Bernard Verdcourt, aliyeichambua mimea ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alipoutambua mti huu mwaka 1970 kuwa ni wa jenasi ya peke yake, aliuandika kwa jina lile lile la pwani, *Mkilua fragrans*. Alikuwa na busara ya kutobuni jina wakati wenyewe walikuwa nalo.

Langilangi haiingii kwenye kikuba cha kila mtu, kwa kuwa ina tabia ya kuzifunika nyengine. Ua lake hufunguka la kijani, halina maana yoyote, na hukaa hivyo wiki mbili tatu likigeuka manjano. Likishakolea manjano, na ndani kwenye kitako pakaingia wekundu kidogo, linachumwa alfajiri kabla jua halijaipunguza harufu. Wangazija, ambao visiwa vyao ndivyo vinavyoongoza kwa kuikamua mafuta, wanaijua kuliko sisi. Huku kwetu nyingi hulowekwa kwenye mafuta ya nazi ya nywele, au huingia kwenye singo, ile ya kumsugulia biharusi, pamoja na liwa, karafuu, mrehani na waridi. Hapo tena pana suala la saa: anayetengeneza singo huanza siku nyingi kabla ya harusi, kwa kuwa kila ua lina siku yake ya kukauka, na asumini iliyokaushwa juani haina kitu, hukaushwa kivulini.

Mabwana nao walikuwa na bustani zao. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani 1886, alieleza jinsi uani mwa kasri la Mtoni walivyotembea paa, tausi, heroe na mbuni. Inapendeza kusoma. Lakini bustani yenye mbuni huhitaji mfalme. Ya makopo imemudu kudumu bila ya kasri, na leo Mtoni ni magofu.

Siku za Idi na za harusi, Darajani huwa na wanawake wenye masinia ya asumini mwisho wa mchana. Anayenunua kwa mara ya kwanza hujulikana hapo hapo: macho yake huenda kwenye koja lililokwishachanua, kwa sababu ndilo linalopendeza. Nilimwona muuzaji mmoja akimpokonya msichana koja la namna hiyo, kwa upole, na kumpa jengine lenye matumba matupu.

"Hilo la mtu anayekwenda harusini sasa hivi," alimwambia. "Wewe unakwenda saa ngapi?"

"Saa mbili, bibi."

"Basi hili, mwanangu. Lifunge kwenye kitambaa kibichi, usilitie kwenye friji."

Msichana hakuridhika na sura ya koja lake, lakini alilipa. Siku hizi karibu na hapo hapo yanauzwa makoja ya plastiki, meupe, ya kufulika, na sina ugomvi nayo kwenye kupamba ukumbi. Kwenye kichwa cha biharusi nina ugomvi mkubwa. Ua lisilo na saa yake linampunguzia mtunzi kazi yote iliyokuwa na maana.

Swali linalowasumbua wenye bustani sasa ni la kwenda juu. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa mipango ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki na yaliyoenea zaidi miaka ya 1970, yaliwapandisha watu wa Ng'ambo ghorofani pamoja na makopo yao, na majengo mapya yanaendelea kuwapandisha. Waliokaa chini wamejipatia ukanda wa ardhi mbele ya dirisha. Waliokaa juu wana roshani na ngazi, na jambo la kwanza walilojifunza ni upepo. Wakati wa kaskazi, upande unaotazama kaskazini huunguza machipukizi. Wakati wa kusi, upande wa kusini hukausha udongo ndani ya nusu siku. Kwa hiyo makopo huhama kwa msimu, na hapo ndipo uzuri wa kopo unapoonekana. Mama mmoja wa ghorofa ya nne anayahamisha yote mara mbili kwa mwaka, akisaidiwa na vijana wa ngazini anaowalipa kwa mashata. Anakiri kwamba mwasumini wake hutoa kidogo kuliko ulivyokuwa ukitoa chini, na anasema nondo wanafika, ingawa wachache. Mpapai hana, na hajui kama kuna chengine huko juu wanachokifuata. Malalamiko yanatoka kwa jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye nguo zake hudondokewa na maji ya mchele kuanzia kusi linapoingia mpaka vuli, na ambaye, kwa maelezo ya wote wawili, hulipwa kikuba kila Idi na kila akialikwa harusi.